GPS Inayozima

Byiringiro alimshusha mteja huko Himbi, mtaa mmoja wa Goma, mbele ya geti la shirika lenye ukuta mrefu, akageuza pikipiki bila kungoja mwingine. Siku nyingine angesimama pale na wenzake, chini ya ukuta, mpaka mtu atoke. Leo Mama Kaswera alikuwa amemwambia wakutane dukani kwa Gauthier kabla ya saa sita, na Mama Kaswera hakuzoea kungoja watu.

Pikipiki, TVS nyekundu, ilikuwa ya Mama Kaswera. Byiringiro aliiendesha, kila jioni akampelekea versement, malipo yake ya siku, na kilichobaki ndicho kilicholiwa nyumbani. Siku hizi kilichobaki hakikufika mbali. Tangu vita vifike kwenye vilima vya Sake, makaa yalipanda bei, maharagwe yakafuata, na barabarani aliwapita watu waliobeba magodoro kichwani wakitafuta mahali pa kusimamisha hema. Abiria walikuwa wengi. Wenye pesa ya kulipa walikuwa wachache.

Duka la Gauthier lilikuwa chumba kimoja cha mbao, kimejaa betri, taa na vioo vya pikipiki. Mama Kaswera alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha pekee, pochi yake juu ya magoti.

"Umechelewa," alisema.

"Barabara, Mama. Wameifunga kupitisha malori ya askari."

"Bon. Ingia tuchague."

Gauthier aliweka GPS tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa na kioo, ya kufungwa kwenye usukani. Aliiwasha, akaiomba njia ya kwenda Rutshuru. Mstari wa buluu ukapanda moja kwa moja, ukapita Kibumba, ukafika.

"Barabara iko nzuri kabisa," Gauthier alisema.

"Iulize nani yuko ku barrière," Byiringiro alisema.

Gauthier akacheka. Ilikuwa zaidi ya mwaka mmoja pikipiki ya Goma haijapita njia ile bila kukutana na kizuizi cha waasi.

"Na askari akiona hii kioo ku guidon," Byiringiro aliongeza, "ataniuliza niko nachorea nani ramani. Hii hapana."

"Hiyo hapana," Mama Kaswera alikubali. "Mimi sitafute njia. Nataka kujua piki yangu iko wapi."

Ya pili ilikuwa ndogo kama kibiriti, yenye sumaku. Ilifichwa chini ya kiti na kumwonyesha mwenye pikipiki mahali ilipo, basi. Ya tatu ilifanana nayo, ila ilikuwa na nyaya. Zile nyaya ziliunganishwa na umeme wa injini. Mwenye pikipiki akituma ujumbe kwa simu, injini inakufa. Akituma mwingine, inafufuka.

"Hii," Mama Kaswera alisema, hata kabla Gauthier hajamaliza.

Byiringiro alijua sababu. Kabla yake, pikipiki ya kwanza ya Mama Kaswera iliendeshwa na kijana aliyeitwa Aubin. Siku moja Aubin alikwenda nayo Kiwanja, upande wa Rutshuru, akarudi kwa miguu, uso umevimba, akasema watu wenye silaha wameichukua. Mama Kaswera hakuwahi kumwita mwizi. Hakuwahi pia kumpa pikipiki nyingine.

"Tuijaribu kwanza," Byiringiro alisema.

Gauthier alifungua kiti, akaunganisha nyaya, kisha akamwambia azunguke mbele ya duka polepole. Byiringiro alifika katikati ya barabara, injini ikanyamaza. Alikanyaga kiki. Kimya. Nyuma yake lori lilipiga honi.

"Rudisha," alimpigia Gauthier kelele.

Gauthier alituma ujumbe. Akatazama simu, akatuma tena. Akatoka hadi barabarani, simu ameinua juu kutafuta mtandao, akageukia ziwa, kisha akageukia volkano.

"Réseau," alisema.

Polisi wa barabarani alikuwa ameshafika, mikono nyuma.

"Bwana, umeona hapa ni parking?"

"Chef, iko nakataa kuwaka."

"Mimi sikukuuliza kama inakataa. Nilikuuliza kama ni parking."

Byiringiro alianza kuisukuma kando, lakini polisi alikuwa ameshashika usukani. Walielewana kwa sauti ya chini, na Byiringiro akatoa pesa ya abiria wa Himbi. Alipokwisha kuitoa, simu ya Gauthier ikalia na pikipiki ikakubali kuwaka kwa kiki moja.

"Unaona?" Gauthier alisema. "Inatumika."

Walirudi ndani. Byiringiro alibaki amesimama mlangoni.

"Mama, tuchukue ile ya pili. Utaniona saa yote. Nikienda hata choo, utaniona."

"Nikuone unapotea, halafu nifanye nini? Nikupungie mukono?"

"Nikuulize kitu. Ule usiku wa volkano, kama hii ingekuwa ndani ya piki, ungefanya nini?"

Usiku ule volkano ilipolipuka, Mama Kaswera alikuwa Butembo kwa matanga. Byiringiro alikimbilia kwao Buhene, akampakia kwenye pikipiki mama yake, Mukamugema, ambaye nyonga yake ilivunjika miaka mingi nyuma na haikupona vizuri. Alimfunga kwa kitenge mgongoni mwake asidondoke, akaendesha katikati ya watu mpaka Sake. Nyumba ya Buhene ilibaki chini ya mawe. Simu hazikushika mpaka asubuhi.

"Ningekata," Mama Kaswera alisema.

Gauthier akaanza kupanga betri zilizokuwa zimeshapangwa.

"Ningeona piki inatoka Goma usiku. Nakupigia, haushike. Ningesema, ni Aubin wa pili. Sikudanganye. Ningekata."

"Na mama yangu?"

"Ningejua wapi kama yuko juu yake? Hii kitu inaonyesha piki, haionyeshe batu."

"Lakini sasa unajua."

"Sasa najua." Alifungua pochi, akaifunga bila kutoa kitu. "Lakini ile piki haiko yangu peke yangu. Tuko wamama wengi ndani ya likelemba, tunachanga pesa pamoja, kila mutu aliweka yake. Ya kwanza ilipopotea, walikuja kwangu mumoja mumoja. Ya pili ikipotea, nitajificha wapi? Nitakupigia kwanza. Usiposhika, nitakata."

"Na ukishakata, réseau ikienda?"

Mama Kaswera alimtazama Gauthier.

"Basi inalala," Gauthier alisema. "Mpaka réseau irudi."

"Ile siku ilirudi asubuhi," Byiringiro alisema.

Nje, lori jingine la askari lilipita kuelekea magharibi, na vioo vilivyotundikwa ukutani vikagongana.

"Weka ile ya tatu," Mama Kaswera alisema. "Byiringiro, tutaongeza kidogo ku versement mpaka bei yake iishe. Ni usalama yako pia."

Gauthier alikaza skrubu za kiti. Alimweleza Byiringiro asijaribu kukata waya wowote, kwa sababu waya ukikatwa injini inazima yenyewe na ujumbe unakwenda kwa mwenye piki. Alisema hivyo bila kumtazama usoni.

Alasiri ile Byiringiro alirudi mapema Majengo, alikokaa sasa na mama yake. Uani, chukudu ya jirani yake, Papa Modeste, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ilikuwa imeegemea ukuta. Zamani Papa Modeste aliishusha kutoka Kibumba imejaa viazi, mguu mmoja juu yake, akipita hata magari. Tangu barabara ifungwe, watoto waliianikia nguo.

"Papa Modeste, ile chukudu inaweza kubeba mutu?"

"Imebeba magunia matano, mutu ni nini?" Papa Modeste aliacha kuchonga mpini wa jembe. "Mutu gani?"

Byiringiro alionyesha mlango wa nyumba yake kwa kidevu.

Papa Modeste alisikiliza. Kutoka upande wa Sake mlio mzito wa bomu ulifika, ukatulia. Alienda kwenye mbao zake, akachagua moja pana, akaipima kwa mikono. Walifanya kazi pamoja: ubao wa kukalia, mwingine wa kuegemea mgongo, na vipande vya mpira wa gurudumu la zamani vya kupunguza mitikisiko. Waliposhindilia misumari ya mwisho jua lilikuwa linaelekea mlimani.

Mukamugema alitoka akiegemea fimbo, akaizunguka chukudu polepole.

"Sasa hii mumeiwekea kiti ya nini?"

"Ya kukubeba wewe, Mama, tukikimbia tena."

"Mimi? Mimi niko gunia ya viazi?" Aligonga ubao kwa fimbo. "Na piki ya Mama Kaswera iko wapi? Imekufa?"

Byiringiro alitazama pikipiki. Chini ya kiti, katika upenyo, taa ndogo ya kijani iliwaka, ikazima, ikawaka.

"Haijakufa," alisema. "Kaa kidogo nione kama inakutosha."

Mukamugema alimpa fimbo, akajishusha kwenye ubao, akashika usukani kwa mikono miwili. Byiringiro aliweka mabega nyuma yake na kuanza kusukuma kuelekea barabarani.