Upande Unaong'aa

"Amekaa kimya, hali, hanywi, hazeeki, na kila aingiaye humtazama usoni. Ni nani?"

Kitendawili hicho Shangazi Mkubwa alikitega kila Kimulimuli alipokwenda kumsalimia, na jibu lake, picha ukutani, hata paka wa nyumba ile alilijua. Akishajibiwa huongeza cha pili: "Nikiinua mkono wa kulia, mwenzangu anainua wa kushoto." Hicho nacho ni kioo. Vilikuwa vitendawili vya watoto, lakini Shangazi alivitega kwa mapenzi. Katika ukoo mzima ni yeye peke yake aliyepiga vigelegele siku msichana yule alipoacha kazi ya ukarani, akatundika kamera shingoni na kusema hiyo ndiyo itakayomlisha. Jina la Kimulimuli alimpa yeye, kwa ajili ya ile taa ya kamera iliyokuwa ikimemetuka kila mahali alipo.

Baba yake Kimulimuli hakupiga kigelegele chochote. Alimwachia stoo ya nyuma ya nyumba aifanye chumba cha giza cha kusafishia picha, ila alimwachia kama mtu aliyempa mtoto kiberiti, jicho halibanduki.

"Kamera si kazi," alikuwa akisema. "Kamera ni kiherehere chenye kamba."

Shangazi Mkubwa alipougua, alimwita Kimulimuli kitandani, akatoa chini ya mto kipande cha filamu, ile ya zamani ambayo nyeupe huonekana nyeusi na nyeusi huonekana nyeupe. Ndani yake walisimama wasichana wawili bega kwa bega, yeye na mdogo wake, wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Picha yenyewe ya karatasi ilikwishaliwa na mchwa.

"Siku yangu ikifika nisiwekewe ile ya kitambulisho," alisema. "Mle nimekaa kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Niweke hii. Ukiitazama, mimi ni wa kulia. Usinichanganye na yule mwenzangu, atajivuna."

"Shangazi, utapona bwana."

"Nitapona, sawa. Lakini mimi ni wa kulia."

Hakupona.

Asubuhi ya msiba Baba alisimama kwenye mlango wa stoo, macho mekundu. "Ndugu zetu wote wanakuja," alisema. "Wewe umetaka picha iwe kazi yako, haya. Ila ukituaibisha mbele yao, hapa panarudi kuwa stoo, na wewe unarudi kwenye meza yako ya ukarani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Baba."

Akajifungia. Akaiweka filamu kwenye mashine ya kukuzia huku machozi yanamdondoka, akamchagua msichana wa kulia, akamkuza mpaka uso ukajaza karatasi, kisha akaizamisha karatasi kwenye dawa chini ya taa nyekundu. Uso ukaanza kupanda polepole kutoka kwenye weupe, nywele kwanza, halafu macho. Juu ya nyusi moja palikuwa na mstari mwembamba. "Mkwaruzo wa filamu," alijisemea, na picha ilipokauka akachukua brashi nyembamba akaupaka rangi. Haukufutika wote. Akaitia picha kwenye fremu, akaifunika kitambaa cheupe.

Baba akaomba aione.

"Hapana, Baba. Kazi yangu haifunuliwi kabla ya saa yake. Mpishi hagawi nyama mbichi."

Baba akaguna, akaenda kupanga viti.

Saa ikafika. Sebule ilijaa mpaka watu wengine walikaa barazani, na picha ilikuwa juu ya meza ndogo, imefunikwa. Aliyekuwa akingojwa ni Shangazi Mdogo, yule wa pili kwenye filamu, aliyetoka safari ya mbali. Aliingia ameshikwa mikono, vumbi mpaka kwenye kope. Baba akampeleka mpaka mezani. "Dada, ninyi mlikuwa wawili tu kabla yetu sote. Funua wewe."

Shangazi Mdogo akavuta kitambaa.

Kilio kilichokuwa kimeshapanda kwenye koo za watu kikarudi kilikotoka, maana yeye hakulia. Alibaki ameduwaa, kitambaa mkononi, mdomo wazi, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chake akajikuta amelala ndani.

"Huyu ni mimi," alisema.

"Uchungu huo, dada," Baba alimbembeleza. "Mlifanana sana."

"Nimesema ni mimi! Mbona mmeniweka hapa? Nani amewaambia nimekufa?"

Jirani mmoja akanong'ona, "Mkosi huu!" na akaanza kutafuta viatu vyake kwa mguu bila kuangalia chini. Kimulimuli, pale mlangoni, alinyoosha shingo aione picha.

Baba akachungulia fremu, akapata pa kushikia. "Tazama vizuri basi. Kovu lako liko nyusi ya kushoto. La huyu liko ya kulia. Si wewe."

"Nyamaza, mtoto wewe! Picha hii inapigwa ulikuwa hujui hata kujifuta kamasi." Shangazi Mdogo aliweka kidole kwenye kovu lake, kisha kwenye kioo cha fremu, pale palipopakwa rangi. "Kila asubuhi nachana nywele mbele ya kioo. Kovu liko hapa. Hapa hapa! Huyu ndiye ninayemwona miaka yote. Sasa mtu asijijue?"

Kioo. Nikiinua wa kulia, mwenzangu anainua wa kushoto.

Kimulimuli alielewa yote kwa mpigo mmoja, kama mtu aliyemwagiwa maji ya mtungi. Filamu ina pande mbili, mmoja umefifia na mmoja unang'aa. Ule uliofifia ndio unaolazwa chini, utazame karatasi, na kila mwanafunzi wa kazi ile huimbiwa hivyo tangu siku ya kwanza. Yeye, kwa machozi yake, alilaza ule unaong'aa. Wa kulia akawa wa kushoto, wa kushoto akawa wa kulia. Na ule mkwaruzo alioupaka rangi ulikuwa kovu la shangazi yake aliye hai.

"Baba," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba. "Nimeigeuza filamu."

"Umemzika mzima!" Baba alisema. "Mbele ya watu wote hawa!"

"Nipeni muda kidogo nitoe nyingine."

"Muda gani tena? Huoni watu wanaondoka?"

"Hakuna anayeondoka," Shangazi Mdogo alisema, na yule jirani akauacha mguu wake nusu ndani ya kiatu. "Dada yangu haendi makaburini bila uso. Kimulimuli, twende. Safari hii nakuonyesha mwenyewe."

Hakuna mtu aliyewahi kuingia chumba kile wakati wa kazi. Wakajibana wawili chini ya taa nyekundu. Kimulimuli akaigeuza filamu, akapitisha kidole pembeni kuhakikisha, akaigusa tena. "Huyu?"

"Huyo."

Karatasi ikazama kwenye dawa. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha kivuli, kisha nywele, kisha macho mawili yakafunguka chini ya maji na kuwatazama. Shangazi Mdogo akamkamata mkono kwa kucha.

"Anakuja! Mwanangu, anakuja!" Akainama mpaka pua ikakaribia sinia. "We dada. We dada, nimechelewa. Nimekukuta umeshaondoka." Hapo ndipo kilio chake kilipotoka, kikasikika mpaka sebuleni.

Picha iliwekwa mezani ikiwa mbichi, bila fremu, inadondosha maji. Baba aliitazama muda mrefu. Kisha akatoa leso yake mfukoni akaanza kufuta maji mezani, tone baada ya tone, asiiguse ile karatasi.

Shangazi Mdogo alikuwa akiifunika ile picha ya kwanza kwa kitambaa.

"Hii niwekee," alimwambia Kimulimuli. "Siku yangu ikifika uitoe hivi hivi, usiigeuze. Ninyi mnanijua kwa upande wenu, mimi najijua kwa huu. Ila hiyo rangi uliyonipaka kwenye kovu, itoe." Akamgeukia Baba. "Na atanitunzia wapi, wewe, ukishajaza magunia kwenye hiyo stoo?"

Baba aliendelea kufuta.

"Nani kasema magunia?" alisema mwisho, bila kuinua kichwa. "Ila siku hiyo, Kimulimuli, kabla hujafunika, unionyeshe kwanza."