Jua la Kulishia Ukoga

Haya aliniambia shangazi yangu Mwaija, siku tuliyokuwa tukimnyoa mjukuu wake nywele za arobaini.

Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha. Mwaija alikuwa uani kwake Mlingotini, anaanika mbata, nazi kavu za kukamulia mafuta, Mzungu mmoja alipokuja kujenga mabomba ya kioo nyuma ya msikiti. Akayajaza maji na ukoga wa kijani, ule ule unaoota mitungini. Alisema ukoga ukishiba jua hutoa mafuta ya kuendeshea mashine.

Ukoga ukala jua. Ukaanza na la asubuhi, kisha la mchana, hata kijiji kizima kikawa giza na mwanga ukabaki kwa Mzungu tu. Watu wakawasha vibatari, wakaendelea kulima. Mwadhini akawa anakwenda kwanza kwenye ua wa yule Bwana kutazama kivuli, ndipo aadhini adhuhuri.

Mbata za Mwaija zikaota ukungu. Na mumewe, Kibwana, alikuwa amepooza. Mbata hizo ndizo zilizowalisha. Basi akajitwika ungo, akaenda kuanika kando ya ua wa Bwana, pale mwanga ulipomwagikia nje.

Akaja askari, Pazi, mtoto wa jirani yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunisaidia kugeuza?"

"Nimekuja kukukamata. Bwana anasema unaiba jua."

"Jua la nani, kikojozi wewe? Si hili lililokuwa likikausha winda zako!"

Pazi akatazama chini. "Ndilo, mama. Lakini siku hizi lina mwenyewe."

Akapelekwa kwa jumbe wa kijiji, naye akakata shauri papo hapo. Mbata zikachukuliwa, maana zilikuwa zimekwisha kauka, na Mwaija akahukumiwa kukoroga ukoga mwezi mzima.

Akakoroga. Jua likamwingia mikononi. Akirudi nyumbani vidole vinawaka, na Kibwana anasoma Kurani kwa mwanga wa viganja vyake. Bwana alipopata habari akaagiza beseni liwekwe langoni. Mwaija akawa ananawa mpaka mikono izimike, na maji yale yanarudishwa mabombani.

"Hata kucha walinikwangua," shangazi aliniambia, wembe umemsimama mkononi.

Siku ya kwanza ya beseni alisonga ugali gizani, maana kibatari chao hakikuwa na mafuta, akamlisha mumewe kwa kumpapasa mdomo. Nyuma ya msikiti mashine ikanguruma kwa mafuta mapya, taa za Bwana zikawaka. Kibwana akasinzia. Mwaija akageukia ukutani, asiuone mwanga ulioingia dirishani, akalala.