Mjafari wa Mteremkoni

Kila asubuhi mke wangu Stamili anashuka mteremko wa Newala na kikapu kitupu. Anakaa huko chini mpaka jua lichangamke, kisha anapanda tena, vumbi hadi magotini. Dawa anayowapa watu haitoki huko. Iko nyuma ya choo chetu, mahali ambapo hakuna mgeni anayechungulia. Ni mijafari, miti ya dawa ya kifua; aliipanda mwenyewe, akailea kwa maji ya kubeba kichwani, na mizizi yake inatibu sawasawa na ya porini. Lakini mwambie mtu wa hapa kwamba dawa imetoka uani! Atakujibu dawa ya uani ni mboga, aende zake akikohoa.

Basi anashuka ili aonekane akipandisha kutoka porini. Nimesema mpaka nimechoka. Magoti yamevimba, jioni namkanda kwa maji ya moto, asubuhi anakwenda tena.

"Baba Nuria, niache," huniambia. "Wakijua, hawatakunywa. Wasipokunywa, watakwenda kuchimba wenyewe."

Hapo kwenye kuchimba ndipo penye shida. Mteremko mzima umebakiwa na mjafari mmoja mkubwa unaozaa. Ya uani bado michanga, haijatoa hata punje, na mbegu zote za Stamili hutoka kwenye huo mmoja. Zamani mganga alichimba mzizi upande wa mawio na upande wa machweo tu, akafukia shimo, mti ukaendelea kuishi. Siku hizi watu huchimba mpaka mti ulale.

Juzi jirani yetu Hamudi alikuja na kiroba begani. Mtoto wake alikohoa masika yote, na dawa ya Stamili ndiyo iliyomnyanyua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akakimwaga kiroba mlangoni. Ilikuwa mizizi ya mjafari, minene, bado na udongo mbichi.

"Mama Nuria, kila siku nakuona unavyopanda na magoti hayo. Huruma imenishika. Nimeifuata njia yako mpaka mwisho, nikaukuta mti. Sasa pumzika."

"Umechimba upande gani?"

"Pande zote, mama. Ili usishuke tena."

Stamili akakaa kizingitini. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtukane, akanizuia kwa mkono.

"Hamudi," akasema polepole, "dawa niliyompa mwanao niliichimba hapo nyuma ya choo."

Hamudi akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama naye kwa utani! Ya chooni ingemponya mwanangu?"

Tenda wema uende zako, wanasema, naye akaenda zake, amefurahi. Nilimkasirikia Hamudi, nikamkasirikia Stamili zaidi, kisha hasira zikaniishia. Utamgombeza nani kwa huruma yake?

Asubuhi yake kikapu kilibaki ukutani. Stamili alishika jembe.

"Unakwenda wapi tena?"

"Kufukia."

"Mti umeshakufa, Mama Nuria."

"Najua. Lakini shimo liko wazi."

Nikatafuta jembe langu, nikamfuata. Tulishuka taratibu, yeye mbele, akishikilia majani kila magoti yalipomgomea. Tangu mijafari ya uani ianze kuchimbika, hiyo ndiyo asubuhi ya kwanza aliyokuwa na kazi ya kweli huko chini.