Dole Gumba Kwenye Karatasi ya Mazoezi

Wanafunzi wananiita Kipyenga. Wanadhani sijui. Najua, na nililipenda jina hilo, kwa sababu kipyenga kikilia kila mtu husimama. Nafundisha sayansi na michezo darasa la saba, na mdomo wangu hauna breki. Nasema hivyo mapema ili usije ukanionea huruma kabla hujasikia nilichofanya.

Siku hiyo mada ilikuwa mazoezi na kisukari. Nilichora ubaoni mtu mwenye tumbo kama mtungi, darasa likavunjika mbavu. Nikawaeleza vizuri tu kwamba misuli ikifanya kazi inatumia sukari iliyo kwenye damu, na mwili ukikaa bure sukari inabaki humo inazurura. Mpaka hapo sikukosea. Kisha nikagawa karatasi zangu. Kila mmoja amchukue mtu mzima wa nyumbani, hasa mwenye kisukari kama yupo, watembee nusu saa kila siku kwa siku kumi na nne. Visanduku kumi na vinne, kila kisanduku na sahihi ya huyo mtu mzima, alama ishirini za muhula. Mwalimu mkuu alizisifia karatasi zile mpaka nikavimba kichwa.

Siku ya nne nikapita kati ya madawati kukagua. Nikafika kwa binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye wenzake wanamwita Kijiti kwa wembamba wake. Analelewa na bibi yake, wako wawili tu nyumbani. Karatasi yake ilikuwa nyeupe pee.

“Hii ni nini?”

“Bibi ana kisukari, Mwalimu. Lakini ana kidonda mguuni.”

“Kidonda gani?”

“Chini ya kidole. Kiatu kilimchubua.”

“Kinamuuma?”

Akafikiri kidogo. Si mtoto wa kusema uongo. “Hapana. Anasema hasikii kitu.”

“Sasa kama hakimuumi, kinamzuia nini? Visingizio tu! Mnawaacha wazee wanakaa kwenye viti kutwa nzima, halafu mnalia sukari imepanda.” Nikawageukia wengine. “Mmesikia, jamani? Bibi ana kidonda kisichouma!” Wakaangua kicheko. Kijiti akainamisha kichwa. “Kuanzia leo mnatembea saa nzima, mfidie siku mlizopoteza. Umenielewa?”

“Ndiyo, Mwalimu.”

Kitabu cha mwalimu, ukurasa uleule wa mada ile, kina mistari minne kuhusu miguu ya mtu mwenye kisukari. Niliiruka. Kipindi kilikuwa kinaisha na mimi nilikuwa na haraka ya kugawa karatasi zangu.

Wiki mbili zilipoisha Kijiti alirudisha karatasi yake. Bibi hajui kuandika, kwa hiyo kila kisanduku kuanzia siku ya nne kilikuwa na alama ya dole gumba lililopakwa wino wa kalamu, nyingine nzito, nyingine hafifu. Nilifurahi mno. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika juu, “Hongera Bibi!” nikaibandika kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi, mahali ambapo kila mzazi angeiona. Na kazi yangu pia wangeiona, kusema ukweli.

Jumatatu Kijiti hakuja, wala Jumanne. Jumatano akasimama kwenye mlango wa ofisi ya walimu.

“Mwalimu, naomba ruhusa niondoke mapema. Bibi amelazwa. Wamemkata vidole viwili vya mguu.”

Alisema hivyo taratibu, kama mtoto anayeomba kwenda msalani. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia nitakwenda naye. Nilipopita nje nikaibandua ile karatasi ubaoni, nikaikunja, nikaitia mkobani, maana sikuweza kuiacha watu waendelee kuisoma.

Hospitalini Kijiti alitangulia wodini. Mimi nikamsimamisha muuguzi kwenye korido, mama wa makamo mwenye mafaili kwapani.

“Mishipa ya fahamu ya mguu ilishakufa ganzi,” akasema. “Kidonda kikaoza, yeye hana habari. Mgonjwa wa kisukari akikuambia kidonda hakiumi, hapo ndipo pa kuogopa. Tena eti kuna mtu alimwambia atembee saa nzima kila siku na mguu ule! Sijui ni nani huyo asiye na akili.”

Nikajitia hamnazo. Nikamuuliza kitanda ni namba ngapi.

Bibi alikuwa ameegemea mto, mguu umefungwa bendeji mpaka kwenye kifundo. Nikamwamkia. Akaitikia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na kwenye dole gumba bado kulikuwa na bluu kidogo ya wino.

“Mwalimu, naona aibu mbele yako,” akasema. “Zile siku mbili za mwisho sikutembea. Homa ilinibana, nikaweka dole gumba nikiwa kitandani. Usimkate mtoto alama. Udanganyifu ni wangu.”

Akanyoosha kidole kwa Kijiti aliyekaa kwenye ukingo wa kitanda.

“Na huyu nimemgombeza mpaka nimechoka. Siku ile ya kwanza nilimwambia, mwambie mwalimu wako nina kidonda. Jana namuuliza kama alikuambia, ananijibu alisahau. Alisahau! Mtoto gani huyu? Maana ungejua, mwanangu, ungetuambia nipumzike. Wewe umesoma.”

Nikamtazama Kijiti. Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la shuka, hainui macho. Nikaelewa kwamba amenifunika, na kwamba nikinyamaza hakuna atakayejua. Nakiri, nilinyamaza. Yule muuguzi aliingia, akampima bibi joto, akaandika, akatoka, na mimi bado nimefumba mdomo, mimi ambaye sijawahi kukosa la kusema tangu nianze kazi. Bibi akashusha pumzi, akasema tena, “Mtoto mzembe sana huyu.” Kijiti akatikisa kichwa kukubali.

Hapo nikashindwa.

“Hakusahau, bibi. Aliniambia.”

“Alikuambia?”

“Aliniambia mbele ya darasa zima. Alisema una kidonda na hukisikii. Mimi nikamwambia ni visingizio. Nikawafanya wenzake wamcheke. Saa nzima ni mimi niliyewaongezea. Kosa ni langu, wala si la huyu mtoto.”

Bibi aliuachia mkono wangu. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Akamgeukia mjukuu wake. “Njoo hapa.” Kijiti akasogea, akavutwa mpaka kifuani. “Nisamehe, mama yangu. Nimekuonea. Nisamehe sana.” Alirudia hivyo mara nyingi, akimpapasa mgongo, na Kijiti akalia kwa mara ya kwanza tangu nimwone Jumatano ile. Mimi nilisimama pembeni na mkoba wangu.

Mwishowe akasema bila kunitazama, “Msindikize mwalimu wako. Umshukuru kwa kuja.”

Tukaenda hadi kwenye ngazi. Nikamwambia kesho nitalieleza darasa ukweli wote, na kila mtoto atakagua miguu ya mtu wake kabla ya hatua nyingine. Akaitikia. Nikamwambia pole. Akaitikia. Nikamuuliza kwa nini alimdanganya bibi yake, kwa nini hakumwambia tu kwamba mwalimu alimpuuza.

Akajifuta pua kwa mkono wa sare.

“Kwa sababu ulisema kama hakiumi si kitu,” akasema. “Na mimi nilimwambia bibi hivyo hivyo, kama maneno yangu mwenyewe, siku alipotaka kubaki nyumbani. Nilidhani unajua, Mwalimu.”