Biskuti za Pilipili za Redempta

Mwaka 1998 kiwanda cha mikate alichofanyia kazi Redempta mjini Moshi kiliuzwa, na wafanyakazi wote wakaachishwa kazi. Redempta akapanda Kilema kwa mama mkwe wake, Mektrida, akiwa na trei mbili na ujuzi wa miaka tisa.

Kijijini alifahamiana na Suni, nesi kutoka Korea aliyejitolea kwenye zahanati. Siku moja Suni alimwonjesha rojo jekundu la pilipili lililochachushwa, tamu na kali kwa pamoja. Redempta akachanganya vijiko viwili kwenye unga, siagi na sukari, akaoka biskuti katika sufuria yenye makaa chini na juu. Suni alikula nne, akaomba ya tano.

Mektrida alikunja uso. "Pilipili ni ya nyama," alisema. "Hizo utamlisha nani?"

Suni aliporudi kwao alimwachia Redempta kopo lake, nalo likaisha miezi mitatu kabla ya mashindano ya waokaji mjini, ambayo Redempta alikwisha kujiandikisha. Redempta akajaribu pilipili na asali. Biskuti zikatoka kali tu. Akawamwagia nguruwe, nao wakazisusa.

Mektrida, aliyepika mbege, pombe ya ndizi na kimea cha ulezi, tangu usichana wake, alimtazama akihangaika wiki nzima. Mwishowe akachukua lile kopo tupu, akapitisha kidole ndani, akalamba. Akalamba tena.

"Humu kuna kimea," alisema. "Kuna na maharage yaliyochachuka. Mbona hukuniuliza?"

"Mama, si ulisema pilipili ni ya nyama?"

"Nilisema. Lete chungu."

Wakasaga kimea cha ulezi, soya na pilipili, wakatia chunguni, wakakifunika kwa majani ya mgomba na kukiacha juani kila mchana, mpaka rojo likachachuka, tamu na kali kama lile la Suni.

Siku ya mashindano, jaji Herbert, mpishi wa hoteli, aliuma biskuti ya Redempta, akanywa maji, akaenda meza nyingine. Redempta akainamisha kichwa. Lakini Herbert alizunguka meza zote, kisha akarudi.

"Nipe nyingine," alisema. "Hii si ya kuonja. Hii ni ya kula."

Jina la mshindi liliposomwa, Mektrida ndiye aliyetangulia kusimama, akapiga vigelegele mpaka ukumbi mzima ukamwitikia. Zawadi ilikuwa oveni ya gesi. Ilipanda Kilema juu ya pikapu, kina mama wakiimba kuizunguka.

Kufikia Krismasi wanawake sita walikuwa wakioka pamoja kwa ajili ya hoteli tatu za mjini, na Redempta, unga hadi viwikoni, ndiye aliyekuwa akiwapangia kazi.