Upande wa Kiboko

…kwa sababu mkono ulipoinuka sikuuliza unakwenda wapi, mwili ulijiondokea wenyewe, na sasa niko hivi, tumbo juu ya ukingo wa boti, kitambaa cha kichwa karibu kiguse maji, na kiboko yuko hapo, hapo hapo, nazisikia pumzi zake, zinanuka matope na majani yaliyooza, nyuma yangu nahodha Omondi anasema kitu, nasikia nusu, sikio la kushoto lilishakufa, "…usisonge madam, huyo ni mama, iko na mtoto, pole pole…", na mume wangu Wangwe mkono wake bado uko juu, ameganda nao kama mtu anayeapishwa kortini, "Nyatichi, ni nzi," anasema, "nilikuwa natoa nzi kwa kitambaa yako," na najua ni kweli, nzi wa ziwa wametuandama tangu tulipotoka Homa Bay, wanaingia puani, wanaingia kwenye chai, ni nzi tu, lakini mwili wangu haukungoja kuambiwa, mwalimu na mkewe, abiria wenzetu, waliorukia katikati ya boti kiboko alipoibuka sasa wananitazama mimi, si kiboko, wananitazama mimi, kwa sababu wao walimkimbia mnyama na mimi nimemkimbilia… na hii ndiyo likizo, jamani, likizo ya kuniomba msamaha, wazee wa kanisa kule Isebania walimwambia mpeleke mkeo mahali mkapumzike, mkaanze upya, naye akaitangaza soko zima la ng'ombe, siku tatu kwa boti, Homa Bay, Rusinga, Mfangano, na juzi kabla ya boti akanipitisha mbuga ya Ruma kuona twiga, cheka, Nyatichi, cheka nipige picha nimtumie mama yako, nikacheka mdomo umefungwa kwa sababu ya pengo la jino, na lile pengo analijua nani kama si yeye, na pale pale, twiga wakila majani yao kwa adabu, mimi nilikuwa namtafutia nyati, nyati mmoja tu, atoke kwenye nyasi za bonde lile la Lambwe, ampige pembe hapa chini ya mkanda, ampasue mpaka kifuani, matumbo yamwagike juu ya zile buti mpya, nikapanga hata kilio changu, nitaanzia wapi kupiga mayowe, nani atanishika nisianguke, Mungu nisamehe, halafu nikala biskuti… na leo asubuhi alipovua jaketi la kuokolea akasema hayo ni ya wanawake, yeye ambaye hajui kuogelea hata kwenye beseni, nilimwona ameshaanguka, nilimwona kiboko akimbana kiunoni kwa yale meno, kret, miguu huku kifua kule, maji mekundu, na mimi nimekaa, nimekaa tu, mikono mapajani, ndiyo maana nakwambia moyo wako si msafi, Nyatichi, hata wewe una fimbo ndani…

Na fimbo ile yake ya kuswagia ng'ombe, sikupigwa nayo kichwani, hapana, wasimsingizie, kichwani ilikuwa kofi, mchana kweupe, mnadani, fahali alimpiga teke akakalia mavi, watu wote wakacheka, nami nikacheka, basi, nilicheka tu, na lile kofi lilipotua niliona mdomo wa kila mtu umefunguka bila sauti, na mpaka leo upande huo hakuna sauti, huko ndiko anakopenda kukaa, kushoto kwangu, ananiambia maneno matamu kwenye sikio lisilosikia, fimbo ni ya mgongoni, fimbo ni ya mbavu, na mama aliponiona mbavu alisema mvumilivu hula mbivu, mama yangu, nimekula mpaka jino limeng'oka… "Madam," Omondi tena, karibu zaidi, "rudi katikati, kaa karibu na mzee, hapo ni hatari," na kiboko anafungua mdomo, polepole, ndani ni pekundu na meno ya manjano marefu kama mpini wa jembe, mtoto wake kichwa kidogo kando ya shingo yake, na mwili wangu, ajabu, haujatetemeka, mkono wa kulia umeshika ukingo, umetulia, mwili huu unaotetemeka mlango ukigongwa, unaotetemeka akikohoa uani… basi mwili umepiga hesabu yake, umenitangulia, umepima meno yale na kiganja kile ukachagua, na mimi bado nasema ng'ombe, ng'ombe, Mniko na ng'ombe, maana ng'ombe alizotoa Wangwe kunioa ndizo kaka yangu Mniko alizomwolea mkewe, kwetu Kuria ndivyo, dada huolewa ili kaka aoe, na kila nikifika kwao nimevimba Mniko hunitoa nje ya ua, "Dada, we vumilia, bibi yangu ako na mimba, nikirudisha hizo ng'ombe baba yake anamchukua na mtoto yangu tumboni," naye wifi, maskini, huniletea maziwa kwa magoti mawili kwa sababu ya ng'ombe zangu, na hathubutu kunitazama usoni, husemwa ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, lakini zizi langu Mniko amesimama mlangoni… na asimame, asimame tu, mimi si wa kuzibebea nyumba mbili kwa mbavu moja, akalime, akauze pikipiki, akampigie magoti baba mkwe kama mkewe anavyonipigia mimi, tutashuka Mbita kula samaki, mimi nitashuka kama wengine, boti sitapanda tena, na wala sitakwenda kwa Mniko, na sitaki nyati, sitaki damu majini, aishi Wangwe, azeeke na ng'ombe zake, nilichokuwa nakitaka si kifo chake, nilitaka tu mahali ambapo mkono wake haufiki…

"Madam, nakuomba, rudi upande hii," anasema Omondi, na safari hii nimegeuza sikio la kulia, nimesikia lote, "hapo kwa kiboko si pazuri."

"Hapa niko salama," nasema, na mwalimu anainamisha macho, na mkewe hainamishi, na mkono wa Wangwe bado uko juu, na nzi bado yuko kwenye kitambaa changu.