Aliyemshawishi Abdullatif

Najma alipofika kijijini Mlingotini, Bi Ashura, mama yake Abdullatif, aliacha kuanika mwani akampokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akulipe. Abdullatif ananiambia wewe ndiye uliyekuwa ukimsaidia masomo."

Najma aliinamisha uso. Yeye na Abdullatif walikuwa wakisomea uhandisi chuo kimoja. Chuo kilipowaruhusu wanafunzi wazuri kuanza masomo ya uzamili ya kompyuta kabla hawajamaliza shahada ya kwanza, Abdullatif alisita. Najma, aliyeogopa kuingia peke yake, alimng'ang'ania mpaka akakubali. Mzigo ukamwelemea, akafeli uhandisi na kompyuta pia, na sasa alikuwa nyumbani akisubiri kurudia mwaka. Najma alifaulu kote.

"Mama, sikumsaidia," alisema. "Mimi ndiye niliyemtia humo. Mwenyewe hakutaka."

Bi Ashura alirudi kwenye mwani wake. "Yuko uani. Kamwambie na yeye."

Abdullatif alikuwa akifua. Alimsikiliza Najma hadi mwisho, akikiri kwamba alimng'ang'ania kwa kuogopa kuingia peke yake.

"Nilijua unaogopa," alisema. "Ndiyo maana nilikubali."

Najma aliona bora angemgombeza. "Utarudi chuo?"

"Nitarudi. Uhandisi tu, na safari hii usinipangie."

Aliitikia kwa kichwa, machozi yakimlenga. Wakati wa kuaga, Bi Ashura alimjibu bila kuinua uso, na Najma hakuona kwamba ameonewa.